Katibu wa Timu Iliyokufa

Kila mchezaji wa zamani wa timu yetu alipofariki hapa Tabora, ndugu zake walikuwa na safari za lazima: kwa wachimba kaburi, kwa wenye maturubai, na kwa Katibu. Aliyetumwa kwa Katibu alikwenda kuuliza marehemu alicheza mechi ngapi na kufunga magoli mangapi, ili habari hizo ziingie kwenye wasifu utakaosomwa msibani. Katibu alimkaribisha, akampa kiti, akaingia chumbani, akakaa huko kwa muda, kisha akatoka na kikaratasi kilichokunjwa. Kikaratasi hicho kililetwa kwangu. Nina duka la steshenari karibu na soko, na kwa miaka mingi nimekuwa nikichapa wasifu za marehemu wa mji huu, wengi wao Wakristo, maana Waislamu huzika upesi na hawangojei printa. Kwa hiyo mimi na Katibu tulijuana kwanza kwa mwandiko, tena mwandiko wa habari za wafu, kabla hatujawahi kukaa pamoja.

Namwita Katibu kwa sababu sikumsikia mtu akimwita vinginevyo. Mkewe alimwita hivyo, na imamu wake, na wauza kahawa wa Gongoni alikokuwa akiishi. Timu aliyokuwa katibu wake haikuwepo tena. Ilishuka daraja, ikashuka tena, waliokuwa wakiisaidia wakajitoa mmoja mmoja, na msimu mmoja ikashindwa kufika uwanjani. Walioshuhudia wananiambia kwamba siku ile Katibu alikwenda peke yake, akaweka meza yake ndogo pembeni mwa mstari kama siku zote, akasubiri. Wapinzani walipasha misuli. Mwamuzi alitazama saa, akangoja muda unaotakiwa na kanuni, akapuliza filimbi, na wapinzani wakapewa ushindi wa mezani. Katibu aliandika matokeo, akakunja meza, akaifunga nyuma ya baiskeli. Mtu mmoja alimuuliza anaandika nini wakati hakuna kilichochezwa. Alijibu kwamba kufungwa bila kucheza nako ni kufungwa.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa ukarani wa mizigo stesheni, na nadhani tabia zake nyingi zilitoka huko. Kuhusu mpira alikuwa na kanuni ambazo hakuzitundika ukutani lakini kila mtu alizijua. Mechi ya ugenini ambayo hakuhudhuria aliiandika kwa penseli. Aliisubiri mpaka apate watu wawili waliokuwapo, ambao hawakusafiri pamoja, wamweleze jambo lile lile, ndipo apitishe wino. Magoli mengine yamebaki penseli hadi leo. Mchezaji hakumuuliza kamwe. Alisema mchezaji si shahidi wa goli lake, kama vile mzazi asivyoulizwa uzuri wa mtoto wake.

Mechi za kirafiki alizitenga. Kulikuwa na moja iliyochezwa zamani na wanafunzi wa seminari ya Kipalapala, ambamo vijana wa seminari walifungwa vibaya. Golikipa wao siku ile alikuja kuwa padri, na alipozeeka alipita dukani kwangu kutengeneza nakala, akamkuta Katibu. Padri alimuuliza, kwa upole, kama kweli magoli yalikuwa mengi kiasi kile watu wanachosema. Katibu akamtajia idadi. Padri akasema kwamba mawili kati ya hayo yalikuwa ya kuotea. Katibu akamwambia, "Padri, dhambi zinaondolewa. Magoli hayaondolewi." Padri alicheka sana, lakini niligundua kwamba hakupenda.

Mimi sikusoma sana shuleni. Hesabu za takwimu nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vilivyoachwa na wateja, na nilipojua kutafuta wastani na mkengeuko niliona nimepata kitu cha kumpa. Nilimwomba anikabidhi karatasi zake niziingize kwenye kompyuta, nimpe wastani wa magoli kwa kila mchezaji, nimwonyeshe kwa mchoro jinsi timu ilivyopanda na kushuka. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo wastani hajawahi kuvaa jezi." Karatasi hakunipa. Nilikasirika kwa wiki kadhaa. Bado naamini kwamba wastani una faida.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mnyoofu katika kila jambo. Kwenye drafti alikuwa mwizi. Alicheza barazani kila alasiri, na mwenzake akigeuka kuchukua kikombe cha kahawa, kete moja ilikuwa imeshahama. Akikamatwa hakukana, alirudisha kete akitabasamu, na baada ya muda akaiba nyingine. Na nyumbani mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Aliweza kukwambia ni nani aliyevaa jezi gani katika mechi ya mvua iliyovunjika kabla ya mapumziko, lakini wanawe watano hakujua nani kazaliwa mwaka gani. Mkewe alinisimulia hilo mbele yake, akiwa anapepeta mchele. Alisema, "Huyu nikifa, atawauliza majirani nilikuwa namba ngapi." Katibu akasema mkewe alikuwa namba sita, kiungo mkabaji, na bibi akamrushia pumba.

Lipo jambo jingine ninaloliweka hapa kwa sababu linaeleza kwa nini aliandika, ingawa mwenyewe hakulieleza hivyo. Timu ilipokuwa hai, wachezaji walifanya mazoezi ya kukimbia kwa njia ya zamani ya misafara hadi Kwihara, na Katibu aliwafuata kwa baiskeli. Huko Kwihara ipo tembe ambayo wageni huja kuitazama kwa ajili ya Mzungu mmoja aliyekaa humo zamani. Katibu aliingia mara moja, akatazama vilivyowekwa, akatoka. Aliniambia kwamba majina ya wenye safari yalikuwepo, na aina za mizigo zilikuwepo. Wanyamwezi waliobeba mizigo hiyo hadi pwani na kurudi walikuwa wameandikwa "wapagazi", basi.

Sasa niseme juu ya goli, kwa kuwa bila goli hilo Katibu angekufa akipendwa na mji mzima.

Timu yetu ilipanda daraja kwa goli moja. Ilikuwa mechi ya mwisho, uwanja wetu umejaa, kiangazi, vumbi tupu. Dakika zilikuwa zinakwisha tukapata kona. Mpira ulipigwa ndani, watu wakarundikana langoni, vumbi likapanda, na vumbi lilipopungua mpira ulikuwa ndani ya nyavu. Mshambuliaji wetu wa kati, ambaye mji ulimpenda kuliko mtu yeyote, alikuwa tayari anakimbilia jukwaani mikono juu. Lakini kundi la wachezaji lilikuwa limeinama chini, linamnyanyua winga wa kushoto, kijana mkimya kutoka Igalula aliyekuja mazoezini kwa treni. Jioni ile mji uliimba jina la Mshambuliaji. Katibu, aliyekuwa na meza yake karibu na lile lango, aliandika kwa wino kwamba mfungaji ni Winga.

Wakati ule hakuna aliyejali. Winga aliumia mapema, akarudi Igalula kulima tumbaku na mpunga. Mshambuliaji alibaki mjini, akafungua gereji, na kila alipopita watu walimpigia makofi. Sikuwahi kusikia kwamba alidai goli lile ni lake. Aliachiwa tu, na hakulirudisha.

Alipofariki, mwanawe mkubwa alikuja dukani na kikaratasi cha Katibu. Nilichapa nilichopewa. Kijana alisoma rasimu akiwa amesimama, akauliza mbona goli la kupanda daraja halimo. Nilimwambia kwamba si juu yangu kulitia wala kulitoa. Akaenda kwa Katibu, akarudi uso umemshuka. Katibu alikuwa amemwambia kwamba baba yake alikuwa mshambuliaji bora kuliko wote aliowaandika, na kwamba goli lile si lake. Muda wa kubishana haukuwepo, maiti ilikuwa inatoka hospitali. Familia iliamua kuacha wasifu ulivyo, kwa matumaini kwamba katika vilio hakuna atakayeona kilichokosekana.

Walisahau watani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zao walipokutana kwenye safari za pwani, na msiba wa Mnyamwezi hauendi bila mtani kuuvuruga. Pale msibani alikuwepo mama mmoja wa Kizaramo anayeuza vitumbua sokoni. Wasifu ulipomalizika kusomwa alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akamnyang'anya msomaji kipaza sauti.

Alisema, "Jamani, hawa watani wangu babu zao walibeba meno ya tembo kutoka hapa hadi kwetu, mwendo wa miezi, na jino halikupotea. Huyu marehemu kabebeshwa goli moja tu, kutoka uwanjani mpaka nyumbani, kalipoteza njiani! Mnyamwezi gani huyu? Hazikwi mtu hapa mpaka goli la mtani wangu lipatikane." Akaenda akalala mbele ya jeneza.

Watu walicheka, hata waliokuwa wanalia. Mchungaji mwenyewe alificha mdomo. Wanafamilia walianza kupapasa mifukoni, kwani kila mtu hapa anajua mtani hujibiwa kwa mzaha au kwa zawadi, kisha huondoka. Mama yule, akiwa bado chini, alimwona Katibu nyuma ya umati. Akamnyooshea kidole, akasema mwizi yule pale, kakaa na goli la watu nyumbani kwake kama yai la bundi.

Katibu alisimama. Alivua kofia yake. Nilidhani atatoa shilingi, au atasema goli amelipeleka sokoni likauzwa na vitumbua. Alisema, kwa sauti ya kawaida, "Halikuwa la marehemu. Ni la Winga, yuko Igalula, yu hai."

Kicheko kilikatika. Mtani mwenyewe aliinuka, akajipangusa vumbi, akarudisha kipaza sauti bila kuchukua chochote. Utani haujibiwi kwa ukweli. Ni jambo ambalo mtoto wa hapa halifanyi, na Katibu, aliyezaliwa na kuzeekea mji huu, alilifanya mbele ya jeneza. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka na kichwa kimefunikwa. Aliifunua kanga, akamtazama Katibu muda mrefu, akajifunika tena.

Tangu siku ile hakuna aliyetumwa tena kwa Katibu. Ndugu walikuja moja kwa moja kwangu na hesabu walizozikubali wenyewe. Nilichapa. Beki aliyekuwa akikaa benchi akafa nahodha. Golikipa mmoja akazikwa bila kufungwa penalti hata moja maishani. Timu ilikuwa imekufa, lakini kila ilipopata msiba ilizidi kufunga. Katibu alihudhuria misiba yote. Alikaa nyuma, mikono juu ya mkongojo, na wasifu ulipofika kwenye magoli alitazama chini. Niliwahi kumuuliza kwa nini anaendelea kwenda. Alisema waliokufa hawakumkosea.

Familia ya Mshambuliaji ilijengea kaburi kwa tarazo, na kwenye bamba ikaandikisha kwamba hapa amelala mfungaji wa goli lililotupandisha daraja. Watu walipiga picha, picha zikatumwa kwa simu, na mojawapo ikafika Igalula.

Winga alikuja dukani kwangu miezi michache baadaye. Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa mrefu, amekonda kwa ugonjwa, anatembea kwa kushikwa mkono na binti yake, mwanamke wa makamo. Niliwaamkia, wakaitikia, nikawapa viti. Winga alieleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Vijana wa kijiweni kwao walikuwa wamemwonyesha ile picha. Mmoja alimwambia, "Mzee, goli lako tumelikuta limezikwa na mwenzio." Tangu hapo wamempa jina, wanamwita Shahidi wa Yehova, kwa sababu anashuhudia peke yake, naye ni Mkatoliki. Alilisimulia hilo bila kucheka.

Binti ndiye aliyesema kilichowaleta. Baba yake hakuwa na mali ya kuacha. Shamba lilikuwa la ukoo. Wajukuu walikulia kwenye hadithi moja, ya babu aliyepandisha timu ya mkoa, na sasa mjukuu mkubwa alikuwa amepigana shuleni kwa ajili ya hadithi hiyo, akashindwa, na aliporudi nyumbani alimuuliza babu kama ni kweli. Mzee hakulala usiku ule. Alitaka wasifu wake uandikwe akiwa hai, na alitaka Katibu aje Igalula, aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu wa nyumba na katekista wa kigango chao, goli lile lilikuwa la nani.

Nilikwenda Gongoni siku ile ile. Katibu alikuwa barazani, drafti mbele yake, hakuna wa kucheza naye. Nilimweleza. Aliuliza kama Winga anaumwa sana, nikasema ndiyo. Alizikusanya kete, kisha akasema tutakwenda kwa treni.

Hiyo ndiyo safari yetu pekee, na ndiyo mara ya mwisho nilipokaa naye kwa muda mrefu. Treni ilichelewa. Tulikaa kwenye benchi la stesheni aliyoifanyia kazi, na makarani vijana waliopita hawakumjua. Nilidhani anafurahi. Mji ulikuwa umemtupa kwa sababu ya kweli yake, na sasa mtu mmoja alikuwa anaihitaji. Nikamwambia hivyo. Nilisema kwamba leo angalau kalamu yake itamfaa mtu.

Alisema, "Sikuliona."

Nilifikiri anazungumzia jambo jingine, nikamuuliza hakuliona nini.

"Goli. Kona ile nilifumba macho. Niliogopa." Alitazama reli. "Nilisikia kelele, nikafumbua, nikaona wanamnyanyua yule kijana. Nikasema, hanyanyuliwi mtu bure. Nikaandika."

Nilimuuliza kwa nini hakuandika kwa penseli. Alisema kwamba alikuwa ameketi mbele ya lango, watu wote walimwona ameketi mbele ya lango, na katibu wa timu anawezaje kuandika kwa penseli mechi ya nyumbani. Alidhani kesho yake atapata mashahidi wawili. Kesho yake mji wote ulikuwa shahidi, na kila mmoja alikuwa ameona alichotaka. Baada ya hapo ilikuwa ama wino ule au hakuna kitu.

Nilikuwa na maswali mengi, mengine makali. Nilimfikiria yule mjane kwenye mkeka. Nilimfikiria yule kijana aliyesoma rasimu dukani. Lakini treni iliingia, tukapanda, na ndani tulikaa na watu. Nilichomuuliza ni kimoja tu, tulipokuwa tunakaribia: atasema nini. Alisema atamwambia kweli, kwa sababu mtu anayekufa hadanganywi.

Nyumba ya Winga haiko mbali na stesheni ya Igalula. Tulikuta wametandika mikeka, kuku amechinjwa, katekista amekaa na shati jeupe. Wajukuu walikuwa wamepangwa ukutani kama wanaopigwa picha, na yule mkubwa alikuwa mlangoni, si ndani wala nje. Winga alikuwa kitandani sebuleni, blanketi hadi kifuani ingawa kulikuwa na joto. Katibu aliketi kwenye kigoda karibu na kichwa chake. Walisalimiana kwa Kinyamwezi, salamu ndefu, wakaulizana habari za nyumba na za mvua na za waliokufa. Hawakuwa wameonana tangu Winga alipoumia.

Kisha Winga akageukia Kiswahili, nadhani ili nami niandike, maana nilikuwa nimeshika kalamu.

"Katibu, nikwambie jambo ambalo sijawaambia hawa. Mimi nilikuwa chini. Beki alinikanyaga, vumbi likanijaa machoni. Mpira sikuuona. Wenzangu waliponinyanyua nikasikia wanasema ni langu, na mimi nikasema basi ni langu. Halafu nikasikia wewe umeandika. Nikatulia. Nilisema, Katibu haandiki asichokiona. Miaka yote hii nimelala kwa maandishi yako." Alipumzika. Binti alimpangusa mdomo. "Sasa uniambie. Uliona?"

Kule mlangoni mjukuu mkubwa alikuwa ameacha kuchezea komeo. Nilimtazama Katibu, nikijua jibu, na nikijua kwamba hajawahi kulikwepa jibu mbele ya mtu, hata mbele ya jeneza. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Niliona," alisema.

Winga alifumba macho. "Mpira ulinigonga wapi?"

Ningeelewa kama Katibu angeishia kwenye neno moja. Neno moja mtu anaweza kulimeza. Lakini aliulizwa jambo la kazi yake, na alijibu kama alivyokuwa akijibu siku zote, kwa ukamilifu. Alisema kona ilipigwa juu. Alisema Mshambuliaji aliruka, akaupiga kwa kichwa, na mpira ulikuwa unakwenda nje. Winga alikuwa anaanguka. Mpira ulimgonga kwenye goti, goti la kushoto, upande wa ndani, ukabadili njia. Golikipa alikuwa ameshajitupa upande mwingine, hata mkono hakuunyoosha. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nami niliyeambiwa asubuhi ile ile kwamba macho yalikuwa yamefumbwa, niliuona mpira ukigeuka.

"Kwa hiyo na yeye aliugusa," Winga alisema.

"Aliugusa. Alikupa wewe."

"Basi mwandikeni na yeye. Mke wake apelekewe. Asiseme nilimnyang'anya mume wake." Akamwita mjukuu wake kwa jina, akamwambia asogee. Kijana alisogea hadi miguuni pa kitanda. Mzee alifunua blanketi, akaonyesha goti lake la kushoto, limevimba, ngozi imevutika ikang'aa, na yule kijana aliyepigwa shuleni akainama akalitazama kwa makini. Katekista alisema Mungu asifiwe. Mtu alianza kugawa maji ya kunawa.

Katibu hakunitazama. Alikuwa analitazama goti, shingo ameinyoosha mbele kidogo.

Nilikuwa nimeandika jina la Winga, na jina la kijiji, na namba ya jezi. Nilikuwa nimeandika kwamba kona ilipigwa juu. Hapo kalamu ilisimama, na binti yake, akidhani sikusikia, alinyoosha kidole kwenye karatasi yangu na kunitajia polepole, kama anayemsomea mtoto: goti la kushoto.